Wanawake Kumi na Wawili na Spika Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Likizo imeanza. Wiki nzima bila stoo ya hospitali, bila kuhesabu mashuka, bila kugombana na wauguzi kuhusu glavu. Nilipanga kulala mpaka saa tatu. Saa moja na nusu nikaambiwa mama mkwe yuko sebuleni. Nikatoka na fulana nimeivaa nje ndani.

Alikuja kwa ajili ya wimbo. Yeye na wenzake wamejenga ukumbi wa kikundi chao kwa mikono yao, miaka mitatu mizima, na Jumapili hii unafunguliwa. Wimbo utapigwa mlango ukifunguliwa. Niliwarekodi mimi, hapa hapa sebuleni, kwa maikrofoni moja. Nikaenda kuuchanganya, yaani kusawazisha sauti zake, chumbani kwangu, kwenye kompyuta, nikisikiliza kwa sabufa yetu ya zamani. Ulinguruma vizuri ajabu. Nililala nikijiona bingwa.

Mama aliusikiliza kwenye simu mbele yangu. Akaurudia. Kisha akasema kwa upole kwamba wimbo ni mzuri, Mungu anibariki, ila wao ni wanawake kumi na wawili na yeye anawasikia saba.

Nikamwambia ni simu. Akasema amejaribu redio ya jirani na gari la teksi. Saba, saba. Wenye sauti nzito wote watano hawamo. Akaongeza, bado kwa upole, kwamba hao watano ndio waliofyatua matofali.

Nilitamani ardhi inimeze. Tatizo nalijua. Sabufa inaongeza besi, yaani sauti nzito, ambayo haipo kwenye wimbo. Mimi nikaisikia imezidi, nikaipunguza. Kwingine kote hakuna sabufa, kwa hiyo hakuna besi, kwa hiyo hakuna wafyatua matofali. Jambo hili niliambiwa mwaka jana na mtu ambaye sikutaka kuambiwa naye kitu.

Mtu huyo ni Masikio. Ana studio mtaa wa pili. Jina hilo watu wanasema alipewa. Mimi nasema alijipa. Shangazi yake yumo katika wale watano. Tayari amemtumia Mama ujumbe kwamba yuko tayari kuwarekodi upya, bure. Mama amesema atanisubiri mimi kwanza, kwa sababu mimi ni mwanawe. Mwisho ni Jumamosi saa kumi na moja jioni.

Mke wangu alisikia yote akiwa jikoni. Anaoka keki za kuuza, na wateja wamemzidi jiko. Kwa muda sasa anakitazama chumba changu kama mtu anayetazama kiwanja. Mama alipoondoka akaniambia, bila ugomvi, kwamba ikiwa hata mama yake mzazi atapeleka kazi kwa Masikio, haoni sababu ya kuwa na chumba cha kelele wakati oveni kubwa haina pa kukaa. Nikamuuliza kama ni utani. Akanionyesha picha ya oveni.

Chumba hicho ndicho kitu changu pekee duniani. Nyumba nzima ni ya watu wote. Chumba ni changu.

Uamuzi: nanunua spika za studio. Zile zenye amplifaya ndani yake, zinazosema ukweli. Akiba ninayo, ya jozi ndogo. Nimejisikia nafuu kwa kuamua tu.

Jumanne, 4 Juni

Duka la vyombo vya muziki. Nimefika kabla halijafunguliwa. Muuzaji ni dada mmoja mtaratibu mwenye miwani. Amepanga jozi sita kwenye rafu, kuanzia inchi tatu mpaka inchi nane. Hizo inchi ni upana wa spika ile ya chini, ya besi. Nikamwambia nafahamu. Sikuwa nafahamu.

Akaniruhusu nipige wimbo wangu. Kila akihama kutoka jozi moja kwenda nyingine alikuwa anasawazisha sauti, kubwa anazipunguza, ndogo anaziongeza. Eti sikio la binadamu hudanganywa na kelele. Chenye kelele zaidi hudhaniwa kuwa kizuri zaidi. Nikamwomba aziongeze zile kubwa. Zilikuwa nzuri zaidi.

Kisha akauliza swali ambalo lilipaswa kuwa jepesi. Chumba kina ukubwa gani?

Hapo hapo nikasikia mtu anakohoa upande wa waya. Masikio. Kajikunyata anachagua waya wa mita tatu, lakini masikio yake, jamani, yako kwangu. Chumba changu ni hatua nne kwa tatu, na ndani yake mna kabati. Nikasema hatua kumi na mbili kwa kumi.

Dada akavua miwani. Akasema kwa chumba kama hicho spika za inchi tano zitamezwa, nahitaji nane. Akasema ipo jozi moja ya inchi nane iliyokaa kwenye maonyesho muda mrefu, bei imeshushwa mpaka imelingana na ndogo mpya. Na kama haitanifaa, nina siku saba za kuirudisha, mradi boksi na sponji zake viwe vizima.

Bei ya ndogo, spika kubwa! Nikamtazama Masikio kwa jicho la pembeni. Zake ni za inchi tano, kila mtu anajua. Akanisogelea, akanipongeza kwa chumba kikubwa, akasema hakujua kama tumehama. Nikamwambia tumebomoa ukuta.

Kinywa huponza kichwa, lakini leo kinywa kimeniletea spika za inchi nane.

Jumatano, 5 Juni

Zimeletwa asubuhi. Kila moja ina ukubwa wa kabati la viatu. Mezani zimeenea kwa shida. Kompyuta imehamia mapajani. Mke wangu amesimama mlangoni. Amechukua boksi tupu akaliweka vizuri sebuleni. Nikadhani ananisaidia.

Nimewasha. Noti ya kwanza ya besi imetoka, ikaenda kwenye kona, ikakaa huko. Noti ya pili imetoka ikaikuta ya kwanza bado ipo. Kufika ubeti wa pili chumba kilikuwa kimejaa besi mpaka mlangoni, kioo cha dirisha kinatetemeka, na glasi ya maji imetembea yenyewe mpaka ukingoni.

Nikafurahi sana. Nikasema, kumbe wale watano wapo, tena wamezidi. Nikawapunguza. Bado wamezidi. Nikawapunguza tena. Nimefanya kazi saa nne bila kuinuka, jasho linanitoka, mpaka chumba kikatulia. Nikamtumia Mama palepale, na maneno matatu: Sasa sikiliza, Mama.

Wakati huohuo jikoni kumetokea msiba. Keki ya mwalimu mkuu, anayestaafu leo, imebonyea katikati. Mke wangu anasema ni mtikisiko. Nikamwambia kisayansi haiwezekani. Akaniwekea keki mezani, mbele ya spika, ili niiambie keki. Amelijaza shimo kwa krimu nyingi na maua, akaondoka nayo akiwa amenuna.

Jibu la Mama limefika saa kumi. Sasa tumebaki watano, amesema. Hata baadhi ya wenye sauti nyembamba wameanza kupungua.

Nimekaa kitini nikitazama spika. Zinasema ukweli, sawa. Ila chumba kinasema uongo kwa sauti kubwa zaidi yao.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeamka na mpango. Kama kosa ni la chumba, dawa ni chumba. Nimewahi kuona picha za studio zenye trei za mayai ukutani. Na nyumba ya muoka keki ikikosa kitu, haitakosa trei za mayai.

Zilikuwepo nane. Tatizo dogo: zilikuwa na mayai. Mke wangu alikuwa ameenda sokoni kununua unga, nikaona ni saa ya kutenda. Nikayahamishia mayai yote kwenye beseni la kufulia, polepole, moja moja, kwa heshima. Nikabandika trei ukutani kwa gundi ya mbao. Nikasimamisha godoro la wageni kwenye kona ile yenye besi. Nikatundika blanketi mbili dirishani. Ndani kukawa giza na joto kama ndani ya begi.

Nikawasha. Besi ileile, kona ileile. Kazi mpya iliyopata ni kulitingisha godoro.

Nikampigia simu dada wa dukani. Nikamweleza kwa lugha ya kitaalamu. Akasema trei za mayai kazi yake ni kuzuia mayai yasivunjike. Akauliza tena, pole pole, kama kweli chumba ni hatua kumi na mbili. Nikamwambia mtandao si mzuri, nikakata.

Mke wangu akarudi. Mayai ya juu ndani ya beseni yalikuwa mazima, hilo naliandika kwa haki. Ya chini yalibeba wenzao yakashindwa. Ameyahesabu yaliyopasuka. Mchana tumekula mayai. Jioni tumekula mayai. Baada ya chakula amepima mlango wa chumba changu kwa futi ya kushonea, akaandika kitu kwenye karatasi, akaikunja akaiweka kifuani.

Siku mbili zimebaki. Nimeogopa, kusema kweli. Si mchezo tena. Mama anawaambia wenzake wasubiri, mkwe wake yuko kazini. Watano wale wanasubiri. Na mimi nimeshawafuta wengine wawili.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepiga moyo konde. Spika zirudi dukani, nichukue ndogo. Bora aibu ya asubuhi moja.

Boksi halipo.

Nimetafuta chini ya kitanda, juu ya kabati, uani. Nikamuuliza mke wangu. Akasema alibebea keki ya mwalimu mkuu. Keki yenye maua marefu kiasi kile ingeingia wapi kwingine? Tena lilikuwa na sponji nzuri, keki haikutikisika hata kidogo, tofauti na ilivyokuwa nyumbani.

Nimekwenda shuleni mbio. Mwalimu mkuu yumo ofisini mwake anafungasha. Boksi langu liko juu ya meza, limejaa madaftari ya miaka thelathini, limefungwa kwa kamba, limeandikwa kwa kalamu nzito: NYUMBANI. Nikamwomba. Akaniuliza boksi tupu lina thamani gani kwangu. Nikamweleza habari ya spika, ya chumba, ya mama mkwe. Hakuharakisha. Alinisomea barua mbili za wanafunzi wa zamani, akanionyesha picha ya darasa la kwanza alilofundisha, akanisifia keki kwamba krimu ilikuwa nyingi ajabu. Mwishowe akakubali, kwa sharti kwamba niyahamishe madaftari yote mwenyewe kwenye magunia, kwa mpangilio wa miaka.

Kazi ya stoo ina faida zake. Nimemaliza kwa saa moja. Akanishika mkono akasema hajaona mtu anapanga vizuri hivyo, na nikaondoka na boksi kichwani nikiwa na furaha ambayo sikuitegemea.

Nimepita nyumbani kuzipakia spika, na dukani nimefika saa tisa. Nilikuwa nimeandaa hadithi njiani. Nikamwambia dada kwamba tumepunguza nyumba. Akauliza tumepunguza mpaka kiasi gani. Nikasema hatua nne. Akauliza hizo nne ni urefu au upana. Nikasema upana ni tatu.

Hakucheka. Aligeuka akatazama rafu kwa muda mrefu kidogo, mabega yanamcheza. Kisha akakagua boksi, akakuta krimu kidogo kwenye sponji, akaipangusa kwa kidole, akasema si neno. Nikapewa jozi ya inchi tano, mpya, bei ileile. Moyo wangu ulitulia kabisa. Nikataka kumkumbatia yule dada, nikajikaza.

Akaandika maelekezo nyuma ya risiti: ziwekwe wapi, zielekee wapi. Nimeitia mfukoni. Mtu mzima haelekezwi pa kuweka spika.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi nimezipanga mwenyewe. Nimezilaza ubavu mezani, zimeegemea ukuta, jinsi nilivyoona inapendeza. Nimewasha. Sauti safi, lakini imefunikwa, na besi bado inavimba. Nikaongeza, nikapunguza. Saa tano. Saa sita. Kila nilipodhani nimewapata wale watano, nikijaribu kwenye simu hawapo. Mke wangu amepita na futi yake mara mbili, na mara ya pili hakunitazama, nadhani alinionea huruma. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko kununa.

Saa saba mlango ukagongwa. Masikio.

Amesema ametumwa na shangazi yake. Shangazi amemwambia kwamba anataka kujisikia kwenye wimbo huo kabla hajafa, na hajali nani atafanya. Nikamwambia kila kitu kiko sawa. Akaomba akione tu hicho chumba cha hatua kumi na mbili.

Hakuna mahali pa kujificha katika chumba cha hatua nne. Aliingia. Akaona trei, godoro, blanketi. Akageuka taratibu, mara moja, kwa sababu mzunguko mmoja unatosha kuona kila kitu. Nilisubiri kicheko. Akasema hata chake kilianza hivi, na kwamba yeye alitumia maboksi ya viatu.

Basi, tukafanya kazi. Kwanza ameivuta meza itoke ukutani, urefu wa mkono. Amezisimamisha spika wima. Akakaa kwenye kiti changu akasema zinaongea na tumbo, na tumbo halisikii. Zinapaswa kuwa usawa wa masikio. Tukatafuta vya kuzinyanyulia. Vitabu vilikuwa vichache, matofali hakuna. Mke wangu akasimama mlangoni, akatutazama, akaenda jikoni, akarudi na vile vinara vyake viwili vya chuma vya kuwekea keki za ghorofa. Akaviweka mezani akaondoka. Vimelingana na masikio yangu kana kwamba vilipimwa.

Mwisho Masikio ameomba uzi. Amepima kutoka spika mpaka spika, kisha kutoka kila spika mpaka puani kwangu. Pande tatu sawa. Akaniambia nifute kila nilichofanya wiki hii, nianze na sauti kama zilivyorekodiwa. Nikafumba macho. Akabonyeza.

Walikuwepo. Wote. Sikuongeza kitu, sikupunguza kitu. Saba mbele, na nyuma yao wale watano, wametulia, wameubeba wimbo mzima mabegani. Walikuwepo tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekuwa nawafukuza. Nilishikwa na machozi, nikasema ni vumbi la trei.

Tulisikiliza tena. Masikio akainua kidole. Akasema kuna mtu wa kumi na tatu. Yuko mbali, hayuko chumba kimoja na wenzake, anaimba sauti nzito chini kabisa, na kuna kitu kinagonga bakuli. Akasema nimfute, ni makosa ya kurekodi, inachukua dakika tano.

Nikaijua ile sauti. Miaka kumi na miwili ya ndoa ananiambia hajui kuimba. Siku ile ya kurekodi alikuwa jikoni anakoroga unga, mlango uko wazi.

Nikamwambia Masikio hafutwi mtu. Akasema kitaalamu si sahihi. Nikamwambia hafutwi. Wiki nzima nimebishana na watu nikiwa na janja kichwani. Safari hii sikuwa na janja yoyote. Akanitazama, akasema basi tumpandishe kidogo, maana ndiye anayeimba vizuri kuliko wote ila shangazi yake.

Saa kumi na moja kasoro Mama akafika. Alikaa kwenye kiti kilekile, simu mapajani. Sikuweza kukaa. Alikuwa anahesabu kwa vidole, mkono mmoja, mkono wa pili, vidole vikaisha akarudi mwanzo. Kumi na wawili. Akafumba macho akashusha pumzi ndefu, na mimi nikashusha yangu. Nadhani nilikuwa nimeizuia tangu Jumatatu.

Kisha akafumbua macho. Akarudisha wimbo nyuma. Kidole kimoja zaidi kikanyanyuka chenyewe. Akageuza uso taratibu kuelekea jikoni.

"Huyu nimemzaa mimi," akasema.

Mke wangu ametoka na unga mpaka viwikoni. Amejisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa chini sakafuni, hapo hapo. Akasema aliacha kuimba kwa sababu nyumba ina mtu mmoja mwenye kelele na ilitosha. Akasema hakujua kama kuna anayesikia. Mama akamwambia Jumapili atasimama nao mbele. Yeye akasema hana gauni. Mama akasema gauni lipo.

Usiku nimeikuta ile karatasi ya vipimo juu ya kompyuta yangu. Kwa nyuma ameandika: oveni itakaa barazani, fundi wa bati nimeshaongea naye. Chumba baki nacho. Nimesoma mara nne. Nimelala kama mtoto.

Jumapili, 9 Juni

Ukumbi umefunguliwa. Ni mzuri. Kuta bado hazijapakwa rangi, matofali yanaonekana, na nadhani ni makusudi. Wimbo ulipigwa kwenye spika za kukodi, nami nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi. Mlango ukafunguliwa, na sauti nzito zikatoka kwanza. Shangazi yake Masikio, bibi mnene mwenye viatu vya raba, alisimama katikati ya mlango, wenzake wakalazimika kusimama nyuma yake. Akaweka kiganja ukutani. Akabaki hivyo mpaka ubeti wa kwanza ukaisha, kisha akaingia akiimba. Mke wangu alikuwa mwisho wa mstari, gauni la kuazima limembana, anaimba bila kumtazama mtu. Alipopita karibu yangu akanikanyaga mguu, makusudi, akitabasamu. Sijawahi kujisikia mwepesi namna hii.

Nilipaswa kwenda nyumbani hapo.

Mama akaniita mbele niseme maneno mawili. Nimesema dakika kumi na tisa. Nimeeleza jinsi nilivyochagua spika kwa sikio langu mwenyewe, bila kuyumbishwa na wauzaji. Nimeeleza jinsi nilivyogundua siri ya vinara vya keki. Masikio, safu ya tatu, alipatwa na kikohozi. Watu wakapiga makofi, na makofi yana kilevi chake, nikaendelea. Nikasema studio yangu iko wazi kwa kikundi chochote chenye wimbo. Bure kwa mwezi wa kwanza. Pana nafasi ya kutosha.

Karatasi ikapitishwa. Mpaka watu wanaondoka vimejiandikisha vikundi vinne. Kimoja ni cha wazee wa kupiga filimbi. Kimoja ni cha ngoma, ngoma tisa, na wameomba waje Jumanne.

Njiani mke wangu ameuliza ngoma tisa zitakaa wapi. Nimemwambia asihofu. Sebule ipo, baraza lipo, oveni yenyewe bado haijafika. Shida si nafasi, shida ni besi. Spika za inchi tano ni za sauti za watu. Kwa ngoma tisa ni mzaha. Nimehesabu vizuri, siku zangu saba za kurudisha hazijaisha, na boksi safari hii nimelificha chini ya kitanda. Kesho asubuhi nitakuwa mlangoni pa duka kabla halijafunguliwa, na zile kubwa, kama bahati iko upande wangu, bado zitakuwepo.